Wainaina Hakusomewa Shtaka

Wainaina alizikwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa elfu mbili na nne, katika shamba la baba yake huko Kinoo, na hapakuwa na mchungaji. Watu walijaa. Wengine walitoka mtaa wa Jamhuri, alikokuwa akiishi na dada yake, wengine mjini, na majirani walivuka barabara kubwa wakiwa wamejifunika makoti kwa sababu ya baridi na manyunyu. Lakini jeneza halikupitishwa kanisani. Mjomba mmoja aliombwa aseme maneno mawili matatu. Akaomba haraka haraka kama mtu anayeogopa kusikika, akamwita marehemu kwa jina la ndugu mwingine, kisha wanaume wakashika makoleo.

Mchungaji Njuguna alikuwa ameeleza msimamo wa kanisa mapema. Alikuja Alhamisi jioni, maiti ikiwa bado mochari, akaketi sebuleni huku ameshika kofia yake magotini, akasema hana namna. Mtu aliyejitoa uhai haingizwi kanisani, na hakuna mchungaji anayevaa kanzu kwa ajili yake.

"Neno limeshamhukumu, Mzee Mbugua," alisema. "Mimi ni nani nilibadilishe?"

Mbugua, baba wa marehemu, alikuwa mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Miaka yote hiyo alisimama katikati ya hakimu na mshtakiwa. Hakimu akinena kwa Kiingereza, yeye anageuza kwa Kikuyu au Kiswahili. Mshtakiwa akijibu, analirudisha jibu lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Swali lililomtoka jioni ile halikuwa la kutafuta ugomvi. Lilimtoka kwa mazoea.

"Amehukumiwa lini?"

"Unasemaje?"

"Nauliza lini. Kijana amekufa Jumanne, leo ni Alhamisi. Kesi ilisikizwa lini? Shtaka alisomewa na nani?"

Waithera, mkewe, alimgusa goti anyamaze. Mchungaji aliinamisha kichwa, akaiombea familia faraja, akaaga. Alipofika mlangoni Mbugua alikuwa bado anamtazama, anangoja jibu.

Jibu halikuja siku ile, na baada ya mazishi Mbugua aliamua kulitafuta mwenyewe. Alizipanga Biblia tatu juu ya meza ya kulia chakula, ya Kikuyu, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akavaa miwani, akaanza kusoma kila mahali panapotaja hukumu. Alidhani ni kazi ya wiki moja. Alidhani angepata utaratibu ulio wazi, kama ule aliouzoea: mtu anaitwa jina, anasomewa shtaka, anajibu, mashahidi wanakuja, uamuzi unatolewa.

Alianza na Mathayo. Pale alimkuta mfalme amekaa kwenye kiti chake, mataifa yote yamekusanyika mbele yake, naye anawagawa watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Maswali yalikuwa mepesi mpaka akashangaa. Nani alimlisha mwenye njaa? Nani alimvisha aliye uchi, nani alikwenda kumwona mfungwa? Mbugua alisoma ukurasa ule kwa lugha zote tatu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa amekufaje. Siku hiyo alikunywa chai yake yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

Halafu akafika kwa Luka. Tajiri anakufa, anazikwa, anafumbua macho na tayari yumo motoni. Hapakuwa na kizimba wala shahidi. Tena dunia haijaisha, kwa sababu ndugu zake bado wako nyumbani wanakula na kunywa. Kwa hiyo hukumu ni papo hapo? Lakini Ufunuo unasema wafu watasimama baadaye, wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, vitabu vifunguliwe. Kama tajiri ameshaungua, siku hiyo ataletwa kufanya nini? Na mbele kidogo, katika Ufunuo huo huo, kulikuwa na orodha ya wale watakaotupwa katika ziwa la moto, na wauaji wakiwemo. Hapo ndipo Njuguna alipoegemea.

Yohana ndiye aliyemchosha kabisa. Mahali pamoja anasema anayeamini haletwi hukumuni hata kidogo, na asiyeamini amekwisha kuhukumiwa. Mahali pengine Mwana amepewa hukumu yote. Mahali pengine tena huyo huyo Mwana anasema hakuja kuuhukumu ulimwengu. Naye Paulo akaja na jambo lake: kazi ya mtu itapitishwa motoni, ikiungua atapata hasara, ila yeye mwenyewe ataokoka, kama mtu anayetoka mbio katika nyumba inayowaka.

Mbugua alivua miwani akapiga meza kwa kiganja, Biblia ya Kikuyu ikaanguka.

"Kwani unatafuta nini?" Waithera aliuliza kutoka jikoni.

"Natafuta mtoto yuko wapi. Kama kesi imesikizwa, nijue. Kama haijasikizwa, huyu Njuguna akome kututangazia hukumu."

Waithera alikuja akiwa ameshika mwiko. "Mtoto yuko pale," alisema, akaelekeza mwiko dirishani, kwenye udongo mwekundu nyuma ya migomba. "Mimi nimempandia maua. Wewe hata gugu moja hujang'oa."

Alirudi jikoni. Wainaina alikuwa kifungua mimba wao, na tangu azaliwe mama yake alimwita mumewe Baba Wainaina. Baada ya mazishi aliacha. Sasa alimwita Baba Virginia, kwa jina la binti yao, na siku nyingine hakumwita kwa jina lolote, alisema tu, "Chakula kiko mezani." Mbugua aliliona hilo, likamuuma, asijue alizungumzeje.

Mwaka ulipokaribia kutimia, familia ilitaka kuweka msalaba kaburini. Mbugua alikwenda ofisini kwa Mchungaji Njuguna kuomba aje afanye maombi. Njuguna alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Lakini mzee alikuwa amebeba karatasi yenye mistari yote aliyoikusanya, na hata hawakumaliza kusalimiana.

"Biblia haijipingi, Mzee," Njuguna alisema baada ya kusikiliza. "Hizo ni picha mbalimbali za jambo moja. Zinakamilishana."

"Mtu mmoja akiniambia kesi imekwisha, wa pili aniambie itasikizwa mwisho wa dunia, wa tatu aniambie hakuna kesi, hao hawakamilishani. Hao wanarudishwa kizimbani waulizwe upya."

"Huwezi kumhoji Mungu."

"Simhoji Mungu. Nakuhoji wewe. Katika picha zote hizo, kwa nini ulichagua ile ya ziwa la moto ndiyo umvalishe mwanangu? Wainaina aliimba katika kwaya yako. Alifundisha watoto wako shule ya Jumapili. Kwa nini hukuchukua ya Yohana?"

Njuguna aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Alikuwa mtu wa makamo, na usingizi ulikuwa umemkimbia siku nyingi, ilionekana machoni.

"Kwa sababu kuna wengine," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa Kinoo hapa, Mzee. Vijana hawana kazi, hawana tumaini. Nikivaa kanzu nikamzika Wainaina kama tunavyozika kila mtu, kijana mwingine aliyekaa viti vya nyuma atasema, kumbe hakuna neno. Halafu niende kwa baba yake nimwambie nini?"

Mbugua aliikunja karatasi yake mara mbili. Akasema tu, "Njoo uombe. Bila kanzu. Dakika chache."

"Siwezi bila ruhusa ya wakubwa. Nenda ofisi yetu ya mjini umwone mwangalizi anayetusimamia sisi wachungaji."

Kumwona mwangalizi kulichukua majuma. Mara ya kwanza aliambiwa yuko mkutanoni. Mara ya pili amesafiri. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi asubuhi nzima akitazama picha za wachungaji waliotangulia, wote wamevaa miwani, na saa sita msichana wa mapokezi akamwambia kwa huruma kwamba mkubwa alitoka kwa mlango wa nyuma. Alipompata hatimaye, mwangalizi alimwagizia soda, akamsikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akasema hukumu ni siri ya Mungu.

"Kama ni siri," Mbugua alisema, "Njuguna aliijuaje?"

Mwangalizi alicheka, akatazama saa yake. "Mzee, mambo ya mahali huamuliwa na kanisa la mahali. Rudi kwa Mchungaji Njuguna, mtaelewana."

Mbugua aliiacha soda mezani, hajaigusa.

Alitoka akatembea bila kujua anakwenda wapi, akajikuta karibu na msikiti mkuu, nje ya duka la Shee. Shee, mtu wa Lamu, alikuwa karani katika mahakama ile ile, na baada ya kustaafu alifungua duka la kanzu na manukato. Alimwona rafiki yake mlangoni, akaondoa marobota kitini bila kuuliza kitu, akatuma chai iletwe. Mbugua alimweleza yote, tangu Alhamisi ile ya kofia magotini mpaka soda ya mwangalizi.

"Bwana Mbugua," Shee alisema alipomaliza, "mimi vitabu vyenu sivitii mkono. Vyetu wenyewe masheikh wanavigombania mpaka chai inapoa. Lakini nikuulize. Kwenu ni lazima mwenye cheo ndiye asome kaburini?"

"Ndiyo desturi."

"Desturi au lazima?"

Mbugua alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Wewe umesema maneno ya watu mbele ya majaji umri wako wote. Leo washindwa kusoma mbele ya kaburi la mwanao? Wangoja nini?"

Mbugua alikunywa chai ikiwa bado inaunguza. Alipoondoka pale alikuwa na haraka. Alikatiza bustani ya Uhuru, akapanda kilima mpaka Upper Hill, hadi kwenye jengo la kampuni ya bima alikofanya kazi Virginia. Alitaka amweleze uamuzi wake uso kwa uso.

Virginia alishuka chini akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. "Baba! Umetembea kutoka mjini mpaka huku? Na hilo goti lako?"

Walikaa kwenye ukuta mfupi wa maua, nje, maana ilikuwa saa ya chakula cha mchana na watu walikuwa wakipita kwa makundi. Mbugua akamweleza: atafanya maombi mwenyewe, atasoma sehemu zote zinazohusu hukumu, moja baada ya nyingine, watu wasikie kwamba jambo hili halijaamuliwa.

"Zote?" Virginia aliuliza. "Hata ya ziwa la moto?"

"Zote. Nikisoma tamu peke yake nitakuwa nimefanya alichofanya Njuguna."

"Baba, hiyo usisome."

"Kwa nini?"

Virginia alikuwa ameshika kitambulisho chake, anakizungusha. "Kwa sababu Wainaina aliisikia. Jumapili moja, kama mwezi hivi kabla. Alikuwa amekuja Kinoo kuwaona, akaenda kanisani na Mama. Mchungaji akasoma ile orodha. Si unajua inaanza na waoga? Waoga, kisha wasioamini, kisha wauaji. Jioni akarudi nyumbani Jamhuri, akaniuliza, 'Virginia, mimi ni mwoga?' Nikamwambia aache ujinga, aje tule. Basi. Hivyo ndivyo nilivyomjibu."

Mbugua alimgeukia.

"Alikuwa mgonjwa, Baba. Alikuwa anaenda kliniki pale hospitali kubwa, kila mwezi anapewa dawa. Siku zingine hakuweza hata kutoka kitandani. Alinikataza nisikwambie."

"Akukataze kwa nini? Mimi si baba yake?"

"Kwa sababu ungemuuliza maswali." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ulianza lini, nani amesema, una ushahidi gani. Kama kortini. Sasa hivi mwaka mzima unauliza kila mtu Wainaina ameenda wapi. Akiwa hapa mbona hukuwa unamuuliza yuko wapi?"

Watu walipita. Mwanamke mmoja alipunguza mwendo akawatazama, akaendelea. Mbugua aliona hasira ikimpanda, akatafuta wa kumtupia, Njuguna, mwangalizi, daktari, huyu binti aliyenyamaza, na kila aliyemfikiria alimwona hafai, hasira ikamrudia. Akainuka. Virginia alitaka kumsindikiza hadi kituoni, akakataa.

Nyumbani alimweleza Waithera kuhusu dawa. Waithera alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Nilijua," alisema. "Nilizikuta kwenye suruali yake nikifua."

"Kila mtu alijua ila mimi!"

"Na kujua kwangu kulisaidia nini?" Waithera aliitupa punje moja mbovu nje ya mlango. "Niambie, Baba Virginia. Kulisaidia nini?"

Siku ya msalaba ilikuwa Jumamosi alasiri. Baridi ilikuwa ile ile ya mwaka uliopita. Walikuja majirani wachache, wanakwaya wawili waliokaa karibu na ua wa michongoma kana kwamba wanajiandaa kukimbia, Virginia na mumewe, na Shee, aliyefika amevaa koti zito juu ya kanzu na akasimama nyuma kwa heshima. Mchungaji Njuguna hakuja.

Mbugua alisimama kichwani pa kaburi akiwa na Biblia ya Kikuyu. Hakutoa hotuba. Alisema, "Nitasoma yaliyoandikwa," akaanza. Sauti yake ilikuwa ile ya mahakamani, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka. Alisoma ya kondoo na mbuzi. Watu waliitikia kwa vichwa, waliijua. Alisoma ya tajiri na Lazaro, na mwanakwaya mmoja akainama. Alisoma zile sehemu tatu za Yohana, moja baada ya nyingine, bila kueleza ni vipi zinakaa pamoja, na watu wakaanza kutazamana. Hawakuwa wamewahi kuzisikia zikifuatana hivyo.

Kisha akafungua Ufunuo.

Virginia alimtazama na kutikisa kichwa taratibu. Mbugua alimwona. Akasita, akapitisha ulimi kwenye midomo, akaanza kusoma kuhusu kiti cheupe na vitabu. Alipoikaribia ile orodha, sauti yake, ambayo haikuwahi kuyumba hata alipotafsiri hukumu za kunyonga, iliyumba. Alitamka neno la kwanza, waoga, akameza mate.

"Inatosha," Waithera alisema.

"Bado. Paulo sijamfikia, na—"

"Nimesema inatosha." Alikuwa ametoka kwenye kiti chake, amefika kaburini. Aliuweka mkono wake juu ya ukurasa uliofunguliwa, akaukandamiza. "Umesoma ya Mungu. Mtoto je? Hakuna mtu amesema habari za mtoto. Mwaka mzima hakuna mtu amenena jina lake katika nyumba hii ila kwa kesi."

Akawageukia watu. Hakuwa mzungumzaji, hata kwenye kikundi cha akina mama alikaa kimya. Alisema Wainaina alikuwa anaogopa ng'ombe alipokuwa mdogo, lakini alimkamua ng'ombe wao kila asubuhi mama yake alipovunjika mkono, akitetemeka, akiimba ili asilie. Alisema aliwahi kumleta nyumbani mtu mlevi aliyemkuta kwenye mtaro, akamlaza kitandani kwake, yeye akalala sakafuni, na baba yake akamgombeza. Alisema alipenda ugali wa jana uliokaangwa. Alisema hakumjua vizuri kama alivyodhani, na kwamba hilo ndilo linamkosesha usingizi, wala si moto. Halafu akarudi kwenye kiti chake.

Wanaume wakausimika msalaba. Mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo, chini chini, wakaufuata. Shee aliinamisha kichwa mpaka ulipokwisha.

Mbugua hakuimba. Alikuwa akiikunja pembe ya ukurasa wa Biblia na kuikunjua. Alikuwa amechukua mwaka mzima kuzipanga sehemu zile, na alikatizwa mahali pabaya kuliko pote, kabla ya Paulo, kabla ya yule mtu anayetoka motoni akiwa hai. Watu wangekwenda nyumbani na neno waoga masikioni. Jioni, wakati wa kuosha vyombo, alijaribu kumweleza mkewe hilo.

"Kesho usome," Waithera alisema. "Unisomee mimi. Lakini kesho."

Alimsomea. Waithera alisikiliza huku akishona kifungo, akasema ni maneno mazuri, akauliza kama yanawahusu na wale ambao nyumba yao ilichomwa kwa mikono yao wenyewe. Mbugua akasema haijaandikwa. Waithera akakata uzi kwa meno.

Kanisa halikunyamaza. Wazee walikutana, na Mchungaji Njuguna mwenyewe akaja kuleta habari, mchana, akiwa peke yake. Mbugua alimkuta amesimama mbele ya msalaba, mikono nyuma.

"Umetengwa na meza ya Bwana," Njuguna alisema. "Mpaka utakapotubu mbele ya wazee. Si mimi niliyependekeza, lakini sikupinga."

"Nitubu nini? Kusoma Biblia?"

"Kuisoma kwa namna ya kuwavuruga watu. Wamenijia, Mzee. Watu wazima. Wananiuliza, Mchungaji, ni ipi? Mama mmoja ananiuliza kama mumewe ameshahukumiwa au anangoja. Nimwambie nini?"

"Mwambie hujui."

"Nikisema sijui, Jumapili nitapanda mimbarini na nini?" Sauti ya Njuguna ilipanda, akajikaza. "Wewe unaweza kusimama hapa shambani kwako useme hakijaeleweka kitu. Mimi natakiwa niwape watu mahali pa kukanyaga. Na huyu," akautazama msalaba, "huyu nilimfundisha mimi kipaimara. Unadhani nalala? Ile Jumapili niliposoma orodha ya waoga nilimwona akitoka katikati ya mahubiri. Nikafikiri ameenda chooni."

Mbugua alikuwa amejiandaa kugombana, na alikuwa na maneno tayari. Yalimtoka kichwani. Walisimama pale wote wawili, kila mmoja amemkasirikia mwenzake na hajui la kufanya na hasira yake. Mwishowe Njuguna aliaga. Hakuomba. Mbugua naye hakumwomba aombe.

Aliendelea kutengwa. Jumapili Waithera alikwenda kanisani peke yake, na yeye akabaki aking'oa magugu kaburini, akinung'unika.

Ilikuwa Jumapili kama hiyo, Waithera alipokuwa amerudi na hajavua hata kitambaa cha kichwa, mwanamke mmoja alipobisha langoni. Alisema anaitwa Philister. Alipanga chumba upande wa chini, karibu na mto. Binti yake, Jackie, alikuwa amejitoa uhai miaka miwili iliyopita, na walimzika Lang'ata, katika makaburi ya umma, yeye na jirani mmoja na wachimbaji. Kanisa lao, ambalo halikuwa la Njuguna, lilikataa hata kutangaza tanzia.

"Nimesikia ulimsomea mwanao," alisema. "Naomba uje umsomee wangu."

"Mama, umedanganywa," Mbugua alisema, kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Mimi si mchungaji. Nimetengwa. Tena hayo niliyosoma hayana jibu. Nimetafuta, sijapata. Ukitaka nikwambie Jackie yuko mahali pema, siwezi kukwambia. Ukitaka nikwambie hayuko, pia siwezi."

"Sikuja kwa jibu," Philister alisema. "Jibu nimepewa na wengi, kila mtu na lake. Nataka mtu wa kusimama pale pamoja na mimi."

Mbugua alimgeukia mkewe, akitumaini atasema kuna kazi nyingi, au mvua inakuja. Waithera alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na koti la mumewe na mwavuli, akampa koti, akatangulia langoni na Philister, wakiulizana habari za magoti na baridi.

Lang'ata walilitafuta kaburi kwa muda mrefu. Namba zilikuwa zimefutika, nyasi zimepanda, na Philister alizunguka akilia kwa hofu kwamba amempoteza tena. Alipolipata, lilikuwa tuta dogo lenye kibao cha bati. Mbugua alisimama, akafungua Biblia, akaanza kupekua. Mathayo. Yohana. Paulo. Hakuna ukurasa uliomtosha. Alihisi ile ghadhabu ya zamani ikimpanda, kwamba maandiko yote haya, kurasa zote hizi, hayakuweza kumwachia hata mstari mmoja ulionyooka wa kumpa mama huyu. Upepo uligeuza kurasa mkononi mwake. Waithera alimshikilia Philister mkono.

Akakifunga kitabu, akakiweka kwapani.

"Nitasoma," alimwambia Philister. "Lakini kwanza niambie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Philister alifuta uso kwa ncha ya leso, akafikiri.

"Mcheshi," alisema. "Mcheshi sana, Mzee. Watu hawaamini nikiwaambia." Akachuchumaa, akaanza kung'oa nyasi juu ya tuta, akisimulia.